Watu wa Shangazi

Shangazi yangu hajawahi kuiita tamthilia. Tangu nilipofika London mwezi Septemba 2003, nikawa nalala kwenye kochi la sebule yake huko East Ham, sijamsikia akisema zaidi ya "ngoja niwaone watu wangu," na akishasema hivyo huketi, huvuta khanga ikafunika magoti, na nyumba nzima hunyamaza kwa nusu saa. Watu wenyewe ni wakazi wa Albert Square, mtaa wa kubuni katika kitongoji cha kubuni kiitwacho Walford, mashariki mwa London, ambao BBC imekuwa ikiwaonyesha Waingereza tangu tarehe 19 Februari 1985 katika tamthilia ya EastEnders. Shangazi alianza nao siku ile ile ya kwanza. Alikuwa muuguzi kijana kutoka Tanga, hajamaliza mwaka nchini humu, na anasimulia kwamba mlango ulipovunjwa na mzee mmoja akaonekana amekaa kitini mahututi, bila jirani hata mmoja kujua, alijiambia kuwa afadhali kuna aliyekiri hadharani jinsi watu wanavyoishi katika mji huu.

Mimi niliingia kwa mlango mwingine. Katika juma langu la pili, mwanamume wa makamo aliingia katika klabu ya usiku, akamsalimia mwanamke mmoja kwa jina la kudekeza, ngoma zikalia, na majina ya waigizaji yakaanza kupanda kwenye kioo cha runinga. Nilidhani ni mteja tu. Shangazi alikuwa ameshasimama, chai imemwagikia zulia, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mtu aliyekutana na marehemu sokoni.

"Huyu tulishamzika," alisema.

Hilo neno "tulishamzika" ndilo lililonifanya nimuulize maswali hadi saa sita za usiku. Marehemu aliyerudi aliitwa Den Watts, na zamani alikuwa mwenye baa ya Queen Victoria, ambayo ndiyo kitovu cha mtaa ule. Mwezi Februari 1989 alipigwa risasi kando ya mfereji na mtu aliyeficha bastola ndani ya shada la maua ya njano, akatumbukia majini, na kwa zaidi ya miaka 14 watazamaji pamoja na binti yake Sharon waliamini kuwa amekufa. Ili nielewe kwa nini Sharon alimkodolea macho vile, ilibidi kwanza nielezwe habari za mama aliyemlea. Na ili nimwelewe mama huyo ilibidi nielezwe talaka yake. Na habari za Den hazikamiliki bila ya kumtaja msichana wa jirani aliyepata mimba. Shangazi alinikalisha kitako kama anavyokalishwa bi harusi anayeingia ukoo mpya, akanipitisha kwa mmoja mmoja: huyu haongei na yule tangu mwaka fulani, huyu mwogope, jambo hili usilitaje mbele ya yule. Naamini mpaka leo kwamba hiyo ndiyo njia ya haki ya kuingia katika tamthilia ya namna hii. Anayeianza peke yake, bila mwenyeji, huona watu wanaopiga kelele baani na kupigana makofi, akajiuliza wanagombea nini.

Nianze na talaka, kwa kuwa ndiyo Waingereza wenyewe wanayoikumbuka kuliko mengine yote. Angie, mke wa Den, alipoona mumewe anamponyoka kwenda kwa mwanamke mwingine, alimwambia kuwa ana maradhi na kwamba amebakiwa na miezi sita ya kuishi, ilhali hakuumwa na chochote. Den akarudi kwake kwa huruma, akampeleka matembezini Venice, na katika treni ya kurudi akamsikia mkewe, akiwa amelewa, akimsimulia mhudumu wa baa uongo ule wote tangu mwanzo hadi mwisho. Hakufoka. Alisubiri hadi siku ya Krismasi ya mwaka 1986, kisha akamkabidhi bahasha yenye karatasi za mwanasheria. Ukijumlisha waliotazama siku hiyo na waliotazama marudio, idadi ilizidi milioni 30, katika nchi iliyokuwa na watu wapatao milioni 56. Shangazi alikuwa zamu ya jioni hospitalini, na anasema kuwa wagonjwa walioweza kutembea walijikusanya wote mbele ya runinga moja mwishoni mwa wodi, hata aliyekatazwa kuinuka kitandani akainuka. Kwetu, aliniambia, mume hutamka neno na mke akafunga virago. Huyu alilifunga neno lenyewe kama zawadi.

Miaka 20 baadaye, katika majira hayo hayo ya Krismasi, nilikuwa nimeketi pembeni yake tukimtazama Pauline Fowler, mwanamke aliyekuwamo tangu kipindi cha kwanza, akimdanganya mwanawe Martin kwamba ana uvimbe kwenye ubongo ili asihame mtaani na mkewe. Mimi niliona mama king'ang'anizi tu. Shangazi alisema neno moja: "Angie." Hapo ndipo nilipotambua anachokitazama. Waandishi wa tamthilia ile wamebadilika mara nyingi, waigizaji wamekuja na kuondoka, na pengine aliyeandika uongo wa Pauline hakuwa na haja yoyote ya kumkumbuka mke wa Den. Lakini mtazamaji wa siku nyingi huweka hesabu ambayo tamthilia yenyewe haiwezi kuiweka. Aliona wanawake wawili, miongo miwili mbali, kila mmoja akijiuguza uongo ili nyumba isivunjike, na nyumba zote mbili zikavunjika. Pauline alifia kwenye theluji siku ya Krismasi, kando ya benchi lililowekwa kumkumbuka mumewe Arthur, na sisi tulikula biriani yetu kimya kama watu waliotoka mazikoni.

Hata hivyo, kilichonishika mimi zaidi ni urafiki. Ugomvi wa ndugu una kamba inayowarudisha; hata wakitukanana matusi ya nguoni, msiba utawakutanisha. Marafiki hawana kamba hiyo, na waliobuni tamthilia hii, Julia Smith na Tony Holland, walilijua jambo hilo mapema, kwa sababu siri kubwa ya kwanza ya mtaa waliiweka katikati ya wasichana wawili wanaosoma pamoja: Sharon Watts, binti wa kupanga wa wenye baa, na Michelle Fowler, binti yake Pauline. Mwaka 1985 Michelle akapata mimba akiwa na umri wa miaka 16, akakataa katakata kumtaja aliyempa. Watazamaji walizungushwa kwa wanaume kadhaa, hadi jioni moja Michelle akasimama kando ya mfereji, gari likaja likasimama, na kabla ya mtu kushuka akaruka mbwa. Mbwa yule alijulikana na mtaa mzima. Alikuwa wa Den.

Mtoto akazaliwa mwaka 1986, akaitwa Vicki. Sharon, ambaye hakuwa na ndugu hata mmoja aliyemjua, alimbeba, alimbembeleza, alimnunulia nguo, asijue kuwa anamlea mdogo wake. Michelle alinyamaza miaka mitatu. Alipokuja kumwambia, Den akiwa ameshahesabiwa kuwa maiti, Sharon hakuwa na baba wa kumgombeza. Aliyebaki mbele yake ni rafiki tu, na hasira yote ikamwangukia huyo. Nimelifikiria sana jambo hili. Nadhani mtu anaweza kuvumilia kwamba baba yake ni mwasherati, kwa maana tabia ya baba huonekana tangu utotoni, lakini kujua kwamba rafiki alikuwa akikutazama ukimbusu mdogo wako kila jioni naye akanyamaza, hilo linakunyang'anya hata zile jioni zenyewe. Kila kumbukumbu inabidi uirudie upya, na katika kila moja unajiona mjinga.

Wakapatana, kwa namna yao. Kisha ikaja kaseti. Sharon alikuwa ameolewa na Grant Mitchell, mwanamume mwenye ngumi nyepesi, naye akalala na shemeji yake Phil. Mwaka 1994 Michelle, ambaye sasa alikuwa mwanafunzi wa chuo, alikuwa akirekodi mazungumzo kwa ajili ya kazi ya masomo, na Sharon akamfungulia moyo mashine ikiwa inazunguka. Kaseti ikabaki ndani ya nyumba. Grant akaiokota, akaisikiliza, akaipeleka baani kwenye sherehe ya uchumba wa Phil na Kathy, akaiweka kwenye redio ya sherehe watu wote wakiwa wameshika glasi zao. Watu wapatao milioni 25 waliitazama sura ya Sharon sauti yake mwenyewe ikimfichua. Mwaka uliofuata Sharon alihamia Marekani, na Michelle naye akaondoka akiwa mjamzito, na safari hii baba wa mtoto alikuwa Grant. Yaani huyu rafiki mpenzi alizaa mtoto wa kwanza na baba wa mwenzake, na wa pili na aliyekuwa mume wa mwenzake. Shangazi hutoa hukumu yake juu ya Michelle kwa sentensi ambayo sijaweza kuipinga: "Huyo si shoga, huyo ni mke mwenza aliyekosa nyumba."

Nilipoliona tukio la kaseti, miaka mingi baada ya kutangazwa, Shangazi alinyanyuka katikati akaenda chumbani kwake na kurudi na sanduku la viatu lililojaa kaseti. Katika miaka ya themanini, wengi wa Waswahili waliokuwa ughaibuni hawakuandika barua kwa wazee wasiojua kusoma. Walizungumza kwenye kaseti, wakampa msafiri anayekwenda nyumbani, na kule ikawekwa kwenye redio sebuleni, ukoo mzima na majirani wakakaa kusikiliza. Shangazi alikuwa akimrekodia bibi yetu kila baada ya miezi mitatu. Mwaka mmoja alisahau kuwa anarekodi kwa hadhira, akamlalamikia mama yake kuhusu kaka yake aliyekula fedha za mabati ya nyumba, na kaka huyo alikuwa amekaa pale pale kwenye mkeka, miongoni mwa wageni, kaseti ilipofika sehemu hiyo. Kaka huyo ndiye baba yangu. Nilikuwa na umri wa miaka minane, ninakumbuka baba akivaa viatu akatoka nje, na mpaka siku ile ya sanduku sikuwahi kujua kwa nini kwa muda wa miaka minne hatukuwa na shangazi wa London.

Ndiyo maana huwa sicheki watu wanaposema kuwa tamthilia kama hizi zimetiwa chumvi. Chumvi ipo, na nitaifikia, lakini kaseti haimo katika chumvi. Na haijaisha na kaseti. Miaka sita iliyopita mimi mwenyewe nilimtumia rafiki yangu wa tangu sekondari ujumbe wa sauti wa dakika nne kwenye WhatsApp, nikimweleza ninavyomwona mke wa mdogo wangu, kwa maneno ambayo yalihusu masikio yake tu. Sijui kilichompitia kichwani. Ujumbe uliingia katika kundi la ukoo saa mbili usiku, ukasikilizwa Tanga, Muscat na Leicester kabla sijamaliza kuosha vyombo. Nilikaa kwenye ngazi na simu mkononi, nikitazama alama za buluu zikiongezeka, na kitu pekee kilichonijia akilini kilikuwa sura ya Sharon baani. Mke wa mdogo wangu tulipatanishwa katika arubaini ya mjomba, kwa sababu ya ile kamba niliyoisema. Rafiki yangu sijaongea naye tena.

Nisionekane kwamba ninasifu tu, kwa maana ninayo malalamiko, na mengine Shangazi ananipinga. La kwanza ni ufufuo. Den kurudi ulikuwa uamuzi wa kijasiri uliogeuka kuwa hasara, kwa sababu kwa miezi 17 hivi alizungushwa mle ndani bila kazi ya maana, kisha mwezi Februari 2005 mkewe mpya Chrissie akamuua kwa kumpiga na kizuizi cha mlango cha chuma chenye umbo la mbwa, akazikwa chini ya sakafu ya baa yake mwenyewe. Ikiwa ulimfufua ili umuue vizuri zaidi, ungemwacha mferejini. Kisha mwaka 2015 akatokea Kathy, ambaye kwa miaka tisa mwanawe Ian Beale aliamini kuwa amekufa ajalini huko Afrika Kusini. Shangazi alifurahi, kwa kuwa Kathy ni mtu wake wa siku ya kwanza. Mimi nilihisi kuibiwa. Mtazamaji akishajua kwamba msiba unaweza kufutwa, msiba unaofuata hutoa machozi nusu. La pili ni Krismasi, ambayo katika mtaa ule imekuwa siku ya kuogopwa kuliko mwezi mzima wa kipupwe. Watu hufa, hufumaniwa au huachwa siku hiyo kwa utaratibu kama wa kalenda, hata mtoto wangu alipokuwa mdogo alidhani kuwa Wakristo hufunga ndoa na kuvunja ndoa katika sikukuu moja.

Nikiwa ninalalamika, ni haki nitaje kipindi kimoja kilichonifanya nisamehe mengi. Tarehe 31 Januari 2008 tulifungua runinga tukakuta mtu mmoja tu: Dot, bibi mvuta sigara na msoma Biblia, ambaye kwa miaka mingi alifanya kazi pamoja na Pauline katika duka la mashine za kufulia, mahali ambapo umbea wa mtaa ulisuguliwa pamoja na mashuka. Mumewe Jim alikuwa amepatwa na kiharusi yumo hospitalini, na Dot akawasha kinasa sauti, akaanza kumwachia ujumbe. Kwa nusu saa nzima hakuingia mhusika mwingine. June Brown, mwigizaji aliyekuwa amevuka miaka 80, alizungumzia utoto wake wa wakati wa vita, uchovu wake, na hofu yake ya kumrudisha nyumbani mwanamume ambaye hataweza kumwinua. Hapakuwa na mlango wa kubamizwa wala glasi ya kurushwa. Shangazi, aliyekuwa ameshastaafu uuguzi na ambaye alikuwa amewageuza wagonjwa wa kiharusi vitandani kwa miaka zaidi ya ishirini, alilia bila kujifuta. Alipotulia aliniambia kuwa wake za wagonjwa walikuwa wakimwambia maneno hayo hayo koridoni, kwa sauti ya chini, wakiona haya, na kwamba ndiyo mara ya kwanza anayasikia yakisemwa kwa sauti ya kawaida. June Brown alifariki mwaka 2022, na juma lile Shangazi alipokea simu za pole tatu. Sikutunga.

Turudi kwa Sharon, kwa kuwa yeye ndiye uzi ninaoushika. Alirudi kutoka Marekani, akampenda na kuolewa na Dennis, mwana wa Den wa damu, ambaye kwa kuwa Sharon alikuwa wa kupanga hawakuwa ndugu kwa nasaba, ingawa kwa Shangazi hoja hiyo haina uzito wowote: mkilelewa na jina moja mmekwisha. Dennis akauawa. Alimwachia mwana, Denny, aliyekua mbele ya macho yetu hadi kufikia ujana wa kutoelewana na kila mtu. Mwezi Februari 2020, tamthilia ilipotimiza miaka 35, wakazi walipanda boti kwenye mto Thames kwa sherehe, na Ian Beale, kwa hasira ya jambo ambalo Denny alimfanyia mwanawe Bobby, akamfungia kijana huyo ndani ya chumba cha boti. Boti ikagonga, maji yakaingia. Ian alirudi kumfungulia, akachelewa.

Sasa, huyu Ian ni nani kwa Sharon? Kwa mgeni ni jirani mwenye kinyongo. Kwa aliyehesabu tangu 1985, ni mtoto mwenzake; Sharon, Michelle na Ian walikuwa vijana wa rika moja katika kipindi cha kwanza kabisa, na baada ya Michelle kuondoka, Ian ndiye shahidi pekee wa rika lake aliyebaki wa Sharon alivyokuwa kabla ya mambo yote. Kumuulia mtu mtoto wake wa pekee wa Dennis, nawe ndiye uliyebaki wa kumkumbusha utoto wake, ni jambo zito mno, na ningependa waandishi wangeliacha liwe zito. Badala yake Sharon alifunga ndoa na Ian ili amtilie sumu kidogo kidogo kwenye chakula. Nilikasirika. Shangazi alikasirika zaidi, lakini kwa sababu nyingine: alisema kuwa mwanamke aliyefiwa na mtoto hana subira ya kupika kila siku.

Krismasi ya mwaka 2023 walirekebisha, angalau machoni pangu. Kwa miezi kumi walikuwa wametuacha na picha ya siku hiyo ya mbele, wakituonyesha mwanamume asiyejulikana amelala sakafuni katika baa, na wanawake sita wamemzunguka. Siku ilipofika tuliona Keanu, aliyekuwa mchumba wa Sharon, akimkaba Sharon koo, na Linda Carter, rafiki wa Sharon, akamchoma kwa kipimajoto cha nyama ili kumwokoa. Sita hao wakafukia maiti na kula kiapo. Kilichonivutia hakikuwa mauaji. Kilikuwa miezi iliyofuata, Linda akizama katika pombe na Sharon akiwa hawezi kumkaripia, kwa kuwa kila chupa aliyoifungua Linda ilikuwa malipo ya uhai wa Sharon. Deni la namna hiyo halilipiki na halisameheki. Wanakutana kila asubuhi, wanaulizana hali, na kila mmoja anatamani mwenzake ahame. Ninawajua wanawake wawili wa hapa East Ham, mmoja alimdhamini mwenzake katika jambo la karatasi za ukaazi miaka mingi iliyopita, ambao wakikutana kwenye shughuli hukumbatiana kwa nguvu kisha huketi pembe mbili tofauti za ukumbi.

Shangazi sasa anaishi Ilford, ghorofa ya chini, miguu haimpi ruhusa tena, na mimi huenda kwake kila nipatapo nafasi jioni za katikati ya juma. Tarehe 20 Februari 2025 nilitoka kazini mapema, kwa kuwa tamthilia ilikuwa inaadhimisha miaka 40 na kipindi kilikuwa kinarushwa moja kwa moja, waigizaji wakiigiza palepale tukiwatazama. Baa ilikuwa imelipuka siku iliyotangulia. Martin Fowler alikuwa amenaswa chini ya chuma, na Stacey, mwanamke aliyempenda akamkosa akampata tena, alikuwa amelala sakafuni pembeni yake akimzungumzisha asisinzie.

Katika kipindi cha kwanza cha mwaka 1985 Pauline aliitangazia familia kuwa ana mimba, mama yake mzee akafoka kwamba nyumba haina nafasi. Mimba ile ndiye Martin. Alizaliwa mwishoni mwa Julai mwaka ule, mtoto wa kwanza kuzaliwa Albert Square. Shangazi amemwona akinyonya, akianza shule, akimgonga kijana mwenzake kwa gari na kumuua, akamwoa msichana aliyekuwa mchumba wa marehemu huyo, akamzika mama yake, akauza mboga sokoni na kunenepa kidogo. Hakuna mtoto wa ukoo wetu ambaye Shangazi amemfuatilia hivyo kwa miaka 39, nami nikiwemo.

Walipoinua chuma, moyo wake ukasimama. Stacey alipiga kelele. Niligeuka kumtazama Shangazi, nikitegemea machozi, lakini alikuwa amekunja uso, anahesabu kitu kwa vidole juu ya khanga, kama anavyofanya pakitokea msiba nyumbani na anapanga nani aarifiwe kwanza. Pauline ameshakufa, Arthur ameshakufa, Mark, kaka yake Martin, ameshakufa.

"Sasa mwanangu," akaniuliza, "nani atampigia simu Michelle?"